TUSICHEKE MWENYE WOGA, TUSIFICHE KIDONDA



Sisi kapita wa wanafunzi, pamoja na wenzetu wa mwaka wa sita tunaojitayarisha kwa Egzamina ya Serikali, tunaomba nafasi kidogo ndani ya gazeti letu ili tuseme neno juu ya jambo linalosumbua intenati tangu mwanzo wa muhula huu. Jambo lenyewe ni woga wa kichaa cha mbwa, ugonjwa ule ambao kwa Kifaransa unaitwa "la rage".

Mnajua wote maneno yanayozunguka. Mmoja anasema: "Usikule ile embe, popo ameisha kuilamba, utapata wazimu!" Mwingine anasema tusichote maji ku mto asubuhi, kwa maana mbweha wanakunywa pale usiku. Wa tatu anasema fungo alipita juu ya kamba ya kuanika nguo, basi mashati yote yamepata sumu. Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wanasikia hayo yote, na usiku wanalala macho wazi. Kuna mmoja ambaye alinawa mikono mara nyingi kila siku mpaka ngozi ikapasuka, sababu tu alishika nguzo ya lupango mahali mnyama wa pori alipita. Kuna mwingine aliyekuwa anaamka usiku na kunywa maji kidogo kidogo, ili ajipime kama koo lake lingali linameza.

Na wakubwa je? Wakubwa wanacheka. Wanakuja kubweka nyuma ya mlango wa dortware ya wadogo, halafu wanakimbia. Sisi tunasema kwamba mchezo huu si mdogo. Tunataka kuonyesha mambo mawili: la kwanza, kwamba woga huu umewekwa mahali pasipo pake, la pili, kwamba kicheko chetu kinaweza kuua mtu.

I. UGONJWA UNAPITA WAPI?

Kidudu cha kichaa cha mbwa, ni kusema virusi yake, kinakaa ndani ya mate ya mnyama mgonjwa, tena ndani ya ubongo na mishipa yake ya fahamu. Ili kiingie ndani ya mtu, kinahitaji mlango. Milango ni hii: kidonda cha meno, mkwaruzo wa kucha, kidonda cha zamani ambacho hakijafunga kikilambwa, tena macho, pua na kinywa kama mate yakirukia pale. Ngozi nzima si mlango. Mbwa akikulamba mkono usio na kidonda, unanawa na sabuni, mambo yameisha.

Kiisha kuingia, kidudu hiki hakitembei ndani ya damu kama kile cha malaria. Kinapanda pole pole ndani ya mishipa ya fahamu mpaka kufika ku ubongo. Mara nyingi safari hiyo inachukua miezi miwili ao mitatu. Inaweza kuwa juma moja tu, inaweza pia kukaribia mwaka. Kidonda kikiwa kichwani ao shingoni, safari ni fupi. Kidudu kikisha kufika ku ubongo, na mgonjwa akaanza kuogopa maji kwa sababu koo linajikaza kwa maumivu akitaka kumeza, dawa ya kumponya hakuna. Karibu wote wanakufa. Lakini katika ile safari, chanjo inaweza kukitangulia. Ndiyo ajabu ya ugonjwa huu: ukingojewa, ni mbaya kuliko yote, ukishughulikiwa mapema, unazuilika karibu kabisa.

Hii si habari mpya. Mwaka 1885, tarehe 6 Julai, mtoto mmoja wa miaka 9, Joseph Meister, alifikishwa Paris mbele ya Louis Pasteur. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amemuuma mara nyingi siku mbili mbele. Pasteur hakuwa daktari wa watu, kwa hiyo daktari rafiki yake ndiye aliyechoma sindano. Mtoto akaishi, akakua, akafanya kazi kwenye Institut Pasteur mpaka uzee wake. Tunasifu akili ya Pasteur, na ni vizuri. Lakini sisi tunapenda kumsifu na mama wa yule mtoto. Hakuficha kidonda cha mwana wake, hakusema "tungoje tuone". Alitoka kwao Alsace, akasafiri naye mpaka Paris. Kama angengoja, ufundi wa Pasteur ungesaidia nini?

II. EMBE, MAJI, NGUO NA NYAMA

Sasa turudi ku embe yetu. Nje ya mwili kidudu hiki ni zaifu. Jua linakiua, kukauka kunakiua, sabuni inakiua, moto wa sufuria unakiua. Ili embe ikuletee kichaa, inafaa kwanza popo aliyeiuma awe mgonjwa. Pili, inafaa mate yake yangali mabichi. Tatu, inafaa yakute kidonda ndani ya kinywa chako mbele hayajakauka. Si hivi watu wanavyopata ugonjwa huu. Embe yenye alama za meno tuitupe, ni usafi, na kuna magonjwa mengine. Lakini zile zingine tuzioshe na tuzikule kwa shukrani, kwa maana wakati wa embe ni mfupi, na bugali na sombe tutazikuta mwaka mzima.

Maji ya mto tuyachemshe, ndiyo, juu ya kipindupindu na tifoide, si juu ya mbweha. Nguo iliyopitiwa na fungo ni nguo chafu tu, ifuliwe. Nguzo ya lupango iliyokauka na jua haina kitu. Na yule mdogo wetu aliyenawa mpaka ngozi ikapasuka, tunamwambia kwa upole: rafiki, ngozi yako nzima ndiyo lupango lako, usiivunje wewe mwenyewe.

Kuku, nyoka, mjusi, chura na samaki hawapati kichaa hiki kamwe. Ni wanyama wanaonyonyesha tu. Panya wa dortware, ingawa tunawachukia kwa sababu ya sabuni na mikate yetu, si kawaida yao kuleta ugonjwa huu.

Juu ya nyama ya pori, nyama iliyoiva vizuri haileti kichaa. Anayepaswa kujiangalia ni yule anayechinja na kupasua kichwa cha mnyama aliyekuwa mgonjwa, hasa kama ana vidonda mikononi. Mnyama aliyeokotwa amekufa porini tusimshike hata kidogo, na hapa sababu si kichaa peke yake. Sisi watu wa Kongo tumefundishwa na misiba. Huko Durba, kati ya mwaka 1998 na 2000, wachimba zahabu walipata ugonjwa wa Marburg ndani ya mashimo yenye popo. Na hapa Kivu, Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020 ilichukua watu zaidi ya 2,200. Basi tusichanganye mambo. Kumwacha mnyama aliyekufa ni akili; kulia usiku sababu ya nguzo ya lupango si akili, ni mzigo.

III. WANYAMA WA PORI WANAOPASWA KUOGOPWA

Hatusemi kwamba wanyama wa pori hawana neno. Mbweha anayeingia kijijini mchana, bila kuogopa watu, mate yakimtoka, huyo tumkimbie na tuite wakubwa. Kima anayekuja karibu karibu na mtu tusimchezee wala kumlisha ku mkono. Popo aliyeanguka chini tusimshike, hata kama tunataka kumpeleka kwa mwalimu wa biolojia. Mwaka 1956, kule Lagos katika Nigeria, popo wanaokula matunda walikutwa na virusi iliyo ndugu ya ile ya kichaa cha mbwa. Mwaka 1970 mtu mmoja wa Afrika ya Kusini alikufa kiisha kuumwa na popo. Mwaka 2007 mwanamke mmoja, mgeni kutoka Uholanzi, alikwaruzwa na popo usoni katika Kenya, akafa akisha kurudi kwao. Hayo ni mambo ya kweli, lakini muangalie vizuri: mmoja aliumwa, mwingine alikwaruzwa. Mnyama mwenyewe alimgusa mtu, na ngozi ikafunguka. Si embe, si maji, si kamba ya nguo.

IV. MBWA WA LANGONI

Sasa tuseme neno ambalo watu hawapendi kulisikia. Shirika la Afya Duniani (OMS) linatufundisha kwamba kati ya watu 100 wanaopata ugonjwa huu, karibu 99 wameupata kwa mbwa. Kila mwaka watu wanaokufa duniani wanahesabiwa kuwa karibu 59,000, wengi wao katika Asia na katika Afrika yetu. Na katika watu wanaoumwa na wanyama wanaozaniwa kuwa na kichaa, 40 kwa mia ni watoto wasiofikisha miaka 15. Ni kusema umri wa wadogo wetu wa mwaka wa kwanza na wa pili.

Sasa tuangalie kwetu. Langoni mwa shule kuna mbwa wangapi? Nani mwenyewe? Nani aliwapeleka ku chanjo? Wanalala chini ya baraza la refectware, tunawatupia mifupa, tunawavuta mkia, tunawapa majina ya walimu (walimu watusamehe). Mwanafunzi yule yule anayekataa embe kwa sababu ya popo ambaye hakumwona, ndiye anayesukuma kwa mguu mbwa anayekula. Woga wetu uko juu ya mti, na hatari imelala mlangoni.

Wengine watasema: "Waacheni waogope, afadhali kuogopa vitu vyote kuliko kutoogopa kitu." Tumewaza neno hilo, na hatulikubali. Mtu anayeogopa vitu vyote hajui akimbie kipi. Akisha kuogopa embe, maji, nguo, nguzo na kivuli cha mti, na akaona kwamba kila siku anaamka mzima, mwisho anachoka, anasema ni uongo wote. Halafu siku mbwa atakapomuuma kweli, atasema tena ni uongo. Woga ni kama mafuta ya taa: tukiyamwaga kila mahali, usiku tutakosa ya kuwasha.

V. KICHEKO NA AZABU

Sasa tumefika ku shina la maneno yetu. Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja, jina lake hatulitaji, alitoka nje ya lupango saa ya etude bila ruhusa, kwenda kununua mandazi. Mbwa alimuuma ku mguu. Alirudi, akafunga kitambaa, akavaa suruali ndefu, akanyamaza siku tisa. Kwa nini? Kwa sababu mbili. Ya kwanza: akisema ameumwa, ataulizwa ulikuwa wapi, na azabu inamngojea. Ya pili: alikuwa amesikia namna wenzake walivyomcheka yule wa embe. Alijisemea, kama wanabweka mbele ya mtu aliyekula embe, mimi mwenye meno ya mbwa ku mguu watanifanya nini?

Bahati njema, mwenzake mmoja aliona anachechemea, akamleta kwetu, nasi tukamfikisha kwa mwalimu siku ile ile. Alipelekwa kwa muganga, akapata chanjo. Wakamtafuta mbwa, alikuwa mzima, anakula na kukimbia. Mbwa akibaki mzima siku 10 kiisha kuuma mtu, ni alama kwamba mate yake hayakuwa na kidudu siku ile. Mungu alitusaidia. Lakini kama yule mbwa angekuwa mgonjwa, siku tisa za kunyamaza zingekuwa siku tisa za safari ya kidudu, na sisi tungekuwa tunaandika hapa maneno mengine.

Tena aliporudi dortware, wenzake walisogeza magodoro yao mbali naye, na hakuna aliyetaka kunywa ku kikombe chake. Hiyo nayo ni ujinga, na ni zambi mbele ya ndugu. Aliyeumwa hachafui kikombe wala blanketi. Anahitaji mtu wa kumkumbusha siku ya sindano, si watu wa kumkimbia.

Wazee wanasema: mficha ugonjwa, kilio kitamfichua. Ni kweli, lakini sisi tunaongeza swali: nani alimfundisha kuficha? Mtoto anayechekwa kwa woga mdogo anajifunza kufunga kinywa. Na kinywa kikisha kufungwa kwa jambo dogo, hakifunguki kwa jambo kubwa. Ndiyo maana tulisema kicheko kinaweza kuua. Yule anayekuja kuuliza juu ya embe leo, tumjibu vizuri, hata kama swali lake ni la bure, ili kesho aje kutuonyesha mguu wake.

VI. TUNAYOOMBA

Kwa wanafunzi wenzetu:

1. Tuache kubweka mlangoni kwa wadogo. Anayeogopa ajibiwe kwa maneno ya kweli. Asiyejua jibu amlete kwa kapita ao kwa mwalimu wa biolojia.

2. Mtu akiumwa, akikwaruzwa, ao akilambwa ku kidonda, aoshe pale pale na maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, saa mkononi. Si kumwagia maji mara moja. Kiisha aende kwa muganga siku ile ile. Mambo ya jiwe nyeusi, ya nywele za mbwa na ya majani tuyaache. Yanakula saa, na saa ndiyo dawa.

3. Tusiogope sindano. Zile hadisi za sindano nyingi za tumboni ni za zamani. Siku hizi ni chache, na zinachomwa ku mkono. Lakini zinapashwa kumalizika zote. Anayepata mbili na kuacha amejidanganya. Na kidonda kikiwa kirefu, daktari anaongeza dawa nyingine ndani ya kidonda chenyewe.

4. Tusiue yule mbwa haraka na kumtupa. Kama inawezekana bila hatari, wakubwa wamfunge, aangaliwe siku 10.

Kwa walimu wetu na kwa Bwana Prefe, kwa heshima yote:

Tunaomba neno moja kubwa. Itangazwe mbele ya mistari, asubuhi, kwamba mwanafunzi atakayekuja kuonyesha kidonda cha mnyama hataazibiwa kwa mahali alipokuwa. Tunajua Bwana Direkta wa Nidhamu atasema kwamba hii itafungua lupango. Sisi kapita tunalinda lile lupango kila usiku, na hatupendi watoroshi. Lakini kosa la kutoka bila ruhusa linaazibiwa kwa kufyeka majani siku tatu. Kosa la kunyamaza linaazibiwa kwa kifo. Azabu hizi mbili haziko sawa, na mtoto wa miaka 12 hajui kuzipima. Tumpimie sisi.

Tunaomba tena kipande cha sabuni kisichokosa kwenye robine ya uwanja. Tunaomba shule ijue sasa, mbele ya hatari, ni hospitali gani iliyo na chanjo ya watu, maana si kila kituo cha afya kinayo. Siku ya msiba si siku ya kuuliza njia. Na tunaomba mbwa wa konsesyo yetu wahesabiwe, wenye mbwa wajulikane, na waitwe ku chanjo. Watalaamu wanasema mbwa 70 kwa mia wakipata chanjo mahali fulani, ugonjwa unakosa njia. Duniani wamejiwekea shabaha kwamba mwaka 2030 mtu asife tena kwa kichaa kinacholetwa na mbwa. Sisi hatuwezi kuchanja dunia. Lakini mbwa wa langoni tunaweza kuwahesabu hata juma hili, na mwaka wa sita tuko tayari kuifanya kazi hiyo Siku ya Posho kiisha salongo.

Tunamaliza. Kwa wadogo wetu tunasema: kuleni embe, zikisha kuoshwa, mlale usingizi. Mwenye neno moyoni, ao mwenye alama ku mguu, mlango wa kapita uko wazi hata usiku wa manane, na hatutauliza kwanza ulikuwa wapi.



Kapita wa Wanafunzi,
Mwaka wa sita